Sifa Zilizomkausha Weris Sauti

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali. Yaliyotokea ni machache na yote ni mabaya.

Mimi ni Mwiti, mwandishi wa sanaa. Nairobi nilikuwa mkali. Niliandika kwamba mwigizaji fulani alizunguka jukwaani kama mtu anayetafuta kiatu gizani, na mwigizaji huyo akatokea kuwa dada ya mwenye gazeti. Nikahamishiwa Garissa. Mhariri wangu, Bi Wanji, aliniambia nisiwe na wasiwasi, huko hakuna jukwaa.

Kumbe lilikuwako. Kuna ukumbi wa jamii, kuna kikundi cha mwalimu mmoja aitwaye Idman, na katika kikundi hicho kuna Weris, mwanamke aliyerudi kwao baada ya mumewe kufariki. Weris anaigiza muuza maziwa aliyeuliwa ngamia wake wote na ukame, na katikati ya mchezo anauimbia mtungi mtupu. Nilimwona mara moja. Kwa kuwa ukali ulikuwa umenifikisha hapa, niliamua kuwa mtu wa kusifu. Nikaandika nusu ukurasa.

Sifa zenyewe sitazirudia. Sababu mtaiona.

Wiki jana niliwaacha siku chache baadaye, asubuhi, mlango wangu ukigongwa. Basi nilifungua. Alikuwa Salah, kaka yake Weris, mfanyabiashara wa mifugo. Nyuma yake alikuwa mama yao, Mama Osob, na nyuma ya mama alikuwa Adeer Rage, yaani Ami Rage, mdogo wa marehemu baba yao. Katika nyumba ile hakuna jambo linalotendeka kabla Adeer Rage hajalitolea neno.

Waliingia, wakavua viatu, wakakaa. Niliwapa chai na hakuna aliyeigusa.

Salah alifungua gazeti akasimama akasoma maandishi yangu yote kwa sauti, polepole, mstari baada ya mstari. Sitawaficha, nilifurahi kuyasikia. Yalikuwa yamekaa vizuri. Alipomaliza alinikabidhi gazeti.

"Ndugu, umesikia mwenyewe," akasema. "Sasa nionyeshe mahali umeandika Mashallah."

Nilitafuta. Nilijua sikuiandika, lakini nilitafuta, hata nikageuza upande wa matangazo ya vifo.

Mama Osob hakungoja nimalize. "Wewe nasema shingo yake, nasema macho yake, nasema sauti yake. Nusu gaseti. Mashallah hata moja hakuna. Sasa mtoto yangu sauti hakuna."

Kwa msomaji asiyejua upande huu: hapa mtu akiona mtoto mnono, au ngamia aliyejaa maziwa, hutamka Mashallah kabla hajafunga mdomo, ili jicho lake lisikiangukie kile kitu. Hata mtu anayesifu chai hutamka. Mimi nilikuwa nimesifu koo la mwimbaji kwa nusu ukurasa, kavukavu. Na si mimi peke yangu. Salah alinieleza kwa upole kwamba gazeti linasomwa Nairobi, linasomwa Mombasa, na kila aliyelisoma alimtazama Weris kupitia kwangu bila kutamka neno. Nilikuwa nimekusanya macho ya nchi nzima nikayaelekeza kwenye shingo moja.

Nikasema labda ni vumbi. Nikasema labda ni maji baridi. Wakaniambia wameshampeleka hospitali, na daktari amesema apumzike. Hawakuwa na ugomvi na daktari. Daktari alitazama koo, walisema, na jicho si kazi yake.

Hapo Adeer Rage akazungumza kwa mara ya kwanza. "Sisi hatugombani na wewe. Jicho si dhambi, ni kama homa. Lakini mtu iko na homa lazima aoge."

Walitaka nioge na wapewe maji niliyoogea, wakammwagie Weris.

Mimi ni Mmeru na ni Mmethodisti. Nilibatizwa kwa maji machache kuliko yale waliyokuwa wakiyataka. Nilikuwa tayari kukataa, na nilikuwa nimeshaanza kulipanga jibu langu, jibu refu lenye sayansi ndani yake, nilipotazama dirishani. Weris alikuwa nje, amekaa ndani ya gari la Salah, kioo kimeshushwa. Aliponiona alifungua mdomo anisalimu na pakatoka hewa tu. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa, akajifanya anatengeneza shuka lake.

 Sikuwa na imani na jicho, lakini nilijiona mwenye hatia, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Nikaenda kuleta karai.

Niliosha uso, mikono hadi viwiko, magoti na vidole vya miguu. Mama Osob alisimamia. Alinirudisha kwenye goti la kushoto, akisema sikulitendea haki. Kisha maji yale yakamiminwa kwenye mtungi, mtungi ukafunikwa, na Salah akaubeba kwa mikono miwili hadi garini. Sijawahi kuona maji machafu yakiheshimiwa namna ile.

Kesho yake mchana Salah alinipigia simu. Hakusema mengi. Alisogeza simu tu, na kwa mbali nikamsikia Weris akimgombeza mtu aliyemwaga sukari. Sauti yote ilikuwa imerudi.

Nilifurahi sana. Nilifurahi mpaka nilipotoka kwenda dukani.

Mwaona, maji yangu yalikuwa yamemponya. Na kama maji yangu yamemponya, basi jicho lilikuwa langu. Kabla ya pale nilikuwa mshukiwa. Sasa ushahidi ulikuwa umepatikana na ulikuwa unaimba.

Faduma anayeniuzia maziwa ya ngamia alifunika kikombe kwa kitambaa kabla sijamfikia. Kina mama waliwavutia watoto wao ndani ya shuka. Sokoni kwa mifugo, mwanamume mmoja alisimama kati yangu na fahali wake, akatabasamu, na kila niliposogea naye akasogea. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu vizuri, wakiangalia pembeni.

Ila mtu mmoja, dalali aitwaye Abdiwahab, ndiye aliyenitafuta mwenyewe. Alinivuta kando akaniuliza kama nimewahi kufika Bura. Kule kuna jirani yake mwenye ngamia dume wa ajabu. Alitaka twende tukanywe chai kwa huyo jirani.

"Si lazima useme maneno mingi," akaniambia. "Sema tu ni msuri."

Nikakataa. Akasema hana haraka, nikafikirie.

Wiki hiyo hiyo simu ikaja kutoka Nairobi. Alikuwa Bi Mueni, mkurugenzi wa jumba moja la maonyesho. Alikuwa amesoma nusu ukurasa wangu. Anatayarisha mchezo mkubwa wa nyimbo, na anamtaka Weris aucheze msimu mzima. Kamati yake lakini ilitaka kujua kama lile onyesho la kwanza halikuwa bahati ya siku moja. Weris angepanda jukwaani tena Jumamosi. Bi Mueni mwenyewe hawezi kutoka, ana mazoezi kila siku, kwa hivyo watangoja nitakachoandika.

"Wewe ulimsema hata dada ya tajiri yako," akanichekea. "Ukisema mtu anaweza, sisi tunakuamini."

Nilipeleka habari nyumbani kwa Mama Osob nikidhani naleta furaha. Furaha ilikuja, ikasimama mlangoni, ikamngoja Adeer Rage.

Weris alikuwa ameketi karibu na dirisha, shuka limezungushwa shingoni, akisema machache ili asiichoshe sauti. Lakini alipoona ami yake hatoi ruhusa, alisema yote aliyokuwa nayo.

"Adeer, hapa nikiimba, watu wanasikiliza mtoto wa fulani. Wanasikiliza mjane wa fulani. Nataka kuimba mara moja mahali hakuna mtu ananijua. Kama ni mbaya, nirudi nikae. Sitakusumbua tena."

Hakulia aliposema. Mimi ndiye niliyelazimika kutazama sakafu.

Adeer Rage alizungusha bakora yake mkononi. Kisha akasema Weris ataenda. Mama Osob akashusha pumzi. Kisha Adeer Rage akasema kuna sharti, na sharti lenyewe lilinihusu mimi.

"Huyu aandike fibaya," akasema, akininyooshea bakora. "Sisi mtoto msuri tunaita mbaya, ndio jicho ibite mbali. Akiandika msuri tena, sauti itaisha huko Nairobi, na huko nani atatafuta maji?"

Nikajitetea. Nilisema nimejifunza, sasa nitatia Mashallah kila mstari, nitaanza nayo na kumaliza nayo. Nilidhani ni jibu zuri. Adeer Rage alilifikiria kwa haki kabisa kabla ya kulikataa.

"Mashallah ni ya mtu amesahau," akasema. "Wewe si kusahau. Wewe ni jicho."

Ikabidi niape. Biblia iliazimwa kwa jirani, Mwalimu Musembi, ambaye aliileta mwenyewe na kubaki kutazama. Niliapa kutomsifu Weris kwa mdomo wala kwa kalamu, kwa mtu yeyote, hadi atakaporudi salama kutoka Nairobi. Salah aliongeza WhatsApp. Nikaapa na WhatsApp.

Mtaniuliza, Mwiti, kwa nini ulikubali? Nilikubali kwa sababu niliamini Bi Mueni ameshaamua. Alishasema anamtaka. Kitakachoandikwa baadaye nilikiona kama mhuri tu, wa kuwaridhisha wanakamati. Tena nilimjua Bi Wanji, mhariri wangu. Angeona matusi yale angeyapunguza, kwa kuwa mara ya mwisho matusi yangu yalimletea shida. Nilipanga kila kitu juu ya mambo mawili ambayo sikuwa nimemuuliza mtu.

Jumamosi ikafika.

Hapa wasomaji wangu mtaniwia radhi. Kiapo ni kiapo, na hadi ninapoandika haya hakuna aliyeniambia kimekwisha. Siwezi kuwaambia Weris aliimba vipi. Nitawaambia tu yaliyotokea ukumbini, kama mtu anayetoa taarifa kituoni.

Mwalimu Idman alinikalisha nyuma kabisa, mbele yangu kukiwa na nguzo. Weris aliingia na mtungi wake wa manjano, akauweka chini, akachungulia ndani. Hakuanza. Alikaa kimya muda mrefu, muda ambao mwigizaji mwenye woga hawezi kuuvumilia. Hiyo si sifa. Ni saa.

Kisha akaanza kuuimbia mtungi.

Polisi aliyesimama mlangoni alivua kofia. Mfanyabiashara mmoja simu yake ililia, akaikalia. Mwalimu Musembi, ambaye hajui Kisomali hata cha kuombea chumvi, alianza kulia, akamuuliza jirani yake maneno yanasema nini. Aliambiwa yanasema mtungi hauna kitu. Akalia zaidi.

Bakora ya Adeer Rage ilianguka. Ilibiringika hadi chini ya viti vya mbele, na mwenyewe hakuishughulikia. Wazee wa umri wake huwa hawaachi bakora zao hivyo.

Weris alipofika mwisho aliuchukua mtungi akautikisa karibu na sikio, akausikiliza, akatoka nao. Watu hawakupiga makofi. Waliketi tu. Mama mmoja kando yangu alisema Mashallah kwa sauti ya chini, na neno hilo likapita safu hadi safu mpaka mbele.

Mimi niliitazama nguzo. Ilikuwa nguzo nzuri sana, imenyooka, imepakwa chokaa vizuri. Nguzo ile naruhusiwa kuisifu, Mashallah.

Kesho yake asubuhi tukakaa kuandika. Nasema tukakaa kwa sababu familia yote ilikuja kunisaidia. Wao walijua kumtukana Weris kuliko mimi. Walikuwa wamefanya kazi hiyo tangu azaliwe, kwa mapenzi.

Salah alipendekeza niseme anaimba kama punda aliyepakiwa maji. Mama Osob akasema punda haitoshi, niongeze mlango. Mlango gani? Mlango wa bati, wakati wa upepo. Nikaongeza mlango. Adeer Rage, baada ya kufikiri, akataka niandike kwamba watu walienda nyumbani mapema. Nikamkumbusha kwamba hakuna aliyetoka. Akasema ndiyo maana inafaa.

Weris mwenyewe alikuwa akitumia pasi yangu kunyoosha nguo zake za safari. Bila kugeuka akasema, "Andika natembea kama bata. Usisahau bata." Wote tukacheka, hata Adeer Rage, na kwa saa moja hivi sikuwa mtu wa kutoka mbali.

Haya ndiyo yaliyotoka kalamuni mwangu:

"Jumamosi jioni, mwanamke aitwaye Weris alituibia muda wetu mjini Garissa. Sauti yake ni ya punda aliyepakiwa maji, akipita mlango wa bati siku ya upepo. Anatembea kama bata. Mtungi aliokuwa nao uliigiza vizuri kuliko yeye. Watu walikwenda nyumbani mapema, na aliyebaki alibaki kwa kukosa nauli. Msomaji, ukisikia anakuja mjini kwenu, funga dirisha."

Niliyasoma kwa sauti. Mama Osob alijifuta macho kwa ncha ya shuka. Alisema hajawahi kusikia mtu akimpenda mwanawe namna ile.

Nikamtumia Bi Wanji nikiwa na hakika atanipigia kunikemea. Alinipigia kweli. Alikuwa na furaha ambayo sijamsikia nayo tangu tujuane. Alisema Mwiti wa zamani amerudi, na kwamba zile sifa za awali zilikuwa zimemtia wasiwasi kuhusu afya yangu. Hakupunguza neno hata moja. Aliniwekea picha ya Weris na kichwa cha habari kikubwa: FUNGENI MADIRISHA.

Gazeti lilifika Garissa Jumanne. Kufikia adhuhuri nilikuwa mtu mpya. Faduma alinimiminia maziwa bila kitambaa, hadi ukingoni. Mwenye fahali alinialika nimtazame, nami nikasema ni fahali mbaya sana, akanishika mkono kwa shukrani. Ni Abdiwahab tu aliyenipita bila salamu. Nilikuwa nimemharibia mpango wa Bura.

Mchana huo Mama Osob na wenzake walikuja kwangu na mbuzi aliyekwisha pikwa. Weris alikuja amevaa shuka jipya, mkononi mkoba, kwa kuwa basi lake lilikuwa la alasiri. Adeer Rage alikuwa amemwombea dua mbele ya watu. Alinishika bega akaniambia mimi sasa ni mtu wa nyumba ile. Nilikula nyama nikijisikia vizuri, na ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnajua hiyo ni dalili ya nini.

Simu ikalia.

Simu yangu iliwahi kuanguka mtoni, na tangu siku hiyo anayepiga husikika chumba kizima. Sikuwahi kuona umuhimu wa kuitengeneza.

"Mwiti, asante kwa ukweli wako," sauti ya Bi Mueni ikasema, ikawafikia wote. "Umetuokoa. Kamati imesoma, tumemtoa huyo Weris. Punda, mlango wa bati. Sisi ni nani tubishane na wewe?"

Mkono wa Salah ulibaki hewani na kipande cha nyama. Adeer Rage alitua kikombe chini. 

Bi Mueni hakukata. Alikuwa na jambo linalomsumbua. Kipande cha kwanza na hiki cha pili, alisema, vinaonekana vimeandikwa na watu wawili kuhusu watu wawili. Hataki kumwonea mtu. Karatasi za matangazo zinakwenda kwa mpiga chapa sasa hivi, na jina moja linaweza kuandikwa bado.

"Sitaki maelezo," akasema. "Nataka neno moja. Anajua kuimba au hajui?"

Biblia ya Mwalimu Musembi, niliyoondoka nayo siku ya kiapo, ilikuwa bado juu ya meza yangu. Hakuna aliyekuwa amemrudishia.

Nilimtazama Adeer Rage. Alikuwa ameishika bakora yake kwa mikono miwili, kwa nguvu, akiniangalia moja kwa moja kama mtu asiyeogopa jicho langu kabisa. Hakutikisa kichwa. Hakukubali wala kukataa. Ninajua tu kwamba nilikuwa nimeapa mbele yake, na kwamba nikisema ndiyo, na sauti ya binti wa kaka yake ikapotelea Nairobi, hakuna karai litakalonisafisha kwake tena.

Nilimtazama Weris. Mkoba ulikuwa umemteleza ukaanguka miguuni. Hakuniomba kitu. Alikuwa ameweka mkono kooni, vidole vimefunguka, kama mtu anayekinga mshumaa.

Ndipo Mama Osob akainuka. Hakumwangalia shemeji yake, hakumwangalia mtu yeyote. Aliingia jikoni kwangu, akafungua bomba, na sote tukasikia maji yakianza kujaa kwenye karai lile nililoogea.

Adeer Rage aligeuza kichwa kuelekea jikoni. Kisha akakirudisha kwangu.

"Mwiti," Bi Mueni akasema. "Uko?"

Nikamwambia niko.